Mzee Aliyebeba Kondoo Ukutani

1.

TANGAZO
(lisomwe misa zote mbili)

Waamini wote wa Parokia ya Mlangwa mnatangaziwa kwamba Baba Askofu atatutembelea Jumapili tarehe 24 Novemba. Kwa ajili ya maandalizi, ukuta wa upande wa kisima cha ubatizo utapakwa rangi upya. Picha iliyopo ya mtu aliyebeba kondoo itafutwa. Mahali pake itawekwa sanamu ya Mchungaji Mwema kutoka mjini, iliyo safi na yenye kufuata mafundisho.

Mnaombwa kutogusa ukuta.

Padre Projestus Kabyemera
Paroko


2.

Hakuna aliyekohoa.

Kanisani kwetu watu wasipokohoa wakati wa matangazo, jua kuna jambo.


3.

Anayeandika ni mimi, Wenseslaus Mwanisawa, bwana shamba mstaafu, katibu wa Halmashauri ya Walei kwa mwaka wa kumi na nne. Kila mwaka naomba nipumzike na kila mwaka nachaguliwa, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na wa wenzangu hausomeki.

Karatasi hizi nimezitia namba kadiri zilivyonifikia. Wewe unayesoma usinilaumu kwa mpangilio. Ningeziweka kwa tarehe, lakini Bibi Koleta hana tarehe, na bila Bibi Koleta hakuna hadithi.


4.

Waliowahi kumgusa kondoo wa ukutani, kwa kumbukumbu zangu tu:

Mama Kresensia, kabla ya kila uzazi, mara saba.
Mwalimu Fulgensi, alipoomba uhamisho. Alipoomba uhamisho ufutwe, tena.
Wale mapacha waliobatizwa juzi, mikono yao ikishikwa na mama yao.
Kwaya nzima, kabla ya mashindano.
Kila mwenye shamba, mwezi wa kumi, mvua ikichelewa. Foleni ilifika mlangoni.
Katekista Gaudensi, ambaye anakana.
Mimi, mwaka ule mahindi yalipoungua. Na mwaka mke wangu alipougua. Na


5.

MUHTASARI WA KIKAO (sehemu)

Ajenda ya 3: Picha.

Paroko alieleza kwamba tangu ahamie hapa amekuwa akiona waamini, baada ya misa, wakipanga foleni kumgusa kondoo. Aliwauliza wajumbe wanaomba nini. Mjumbe mmoja alijibu kwamba wanaomba mvua. Paroko aliuliza kwa nini wamwombe kondoo. Mjumbe alijibu kwamba hawamwombi kondoo, wanamsindikiza.

Paroko aliuliza: wanamsindikiza wapi?

Mjumbe alijibu: mlimani.

Paroko alitaka kujua mlimani kuna nini. Wajumbe walitazama viatu.

Katekista Gaudensi alieleza kwamba zamani, kabla ya dini, ukame ukizidi mzee wa mvua alibeba kondoo mabegani akapanda naye mlimani akamchinja. Kondoo alikuwa mweusi, kama wingu. Mweupe hakubebwa kamwe.

Paroko alisema kwamba yule ukutani ni mweusi.

Katekista alikubali kwamba ni mweusi.

Paroko alisema kwamba Mchungaji Mwema hampeleki kondoo kuchinjwa, bali anamrudisha nyumbani, na kwamba kwa miaka themanini parokia hii imeisoma picha kinyume. Aliuliza tena kwa upole, yule mtu ni nani hasa, maana Mchungaji Mwema hana ndewe.



Iliazimiwa picha ifutwe. Waliokubali: tisa. Waliokataa: hakuna. Waliokuwa wakitazama viatu: tisa.

(Mstari wa mwisho Paroko ameniambia niukate. Nitaukata.)


6.

Ndewe, kwa ninyi vijana, ni lile tundu la sikio lililopanuliwa kwa kijiti cha utete mpaka sikio linaning'inia. Mtu wa ukutani analo, sikio la kushoto, refu hadi karibu na shingo. Ana pia kovu juu ya nyusi. Wachungaji wema wote niliowaona kwenye kalenda hawana kovu.


7.

(Karatasi hii imepotea. Ilikuwa barua yangu kwa Paroko kumwomba asubiri. Niliiandika vizuri sana, nikaiweka mahali salama.)


8.

Kutoka kitabu cha kumbukumbu cha misheni, mwaka 1936. Kimeandikwa na padre wa kwanza, Mzungu. Katekista Gaudensi alinisomea, mimi nikaandika. Mabano ni mchwa.

"Leo Respisi amemaliza picha karibu na kisima cha ubatizo. Nilimpa mfano kutoka kitabu changu, ile ya makaburi ya Roma, kijana asiye na ndevu amebeba kondoo. Respisi ndiye anayechanganya chokaa ya misheni na ana mkono mzuri. Kondoo amempaka (        ). Uso hakuufuata mfano. Nilipomuuliza ni uso wa nani, alisema ni wa mtu mwema. Nikamwambia Bwana wetu alikuwa kijana. Akasema, Padre, mtoto anabebaje kondoo mzima. Nilicheka, nikaacha. Baba yake bado anakuja kila Jumapili na kusimama nje ya dirisha. Nimemwomba tena aingie. Amekataa tena, kwa heshima, na akaniambia ngoma ya kwaya inapigwa (            )."


9.

Bibi Koleta, binti wa Respisi, umri wake themanini na moja. Nilikwenda kwake na kalamu. Alikuwa akipepeta ulezi na hakuuacha.

"Andika, Wenseslaus. Andika polepole, maana wewe unaandika kabla mtu hajamaliza.

Yule ni babu yangu. Kalonje. Ndiye aliyekuwa akibeba kondoo. Wa mwisho. Mapadre walipofika, watu wote walibatizwa, baba yangu akabatizwa akawa Respisi, bibi akawa Agripina. Babu alikataa. Hakuwachukia, aliwapenda kabisa. Alikuwa akiwapelekea uyoga. Alisema, nikioshwa nitasahau njia ya mlimani, na mvua ikiniuliza nitaijibu nini?

Na alikuwa mtani. Alisema, hawa Wazungu wana adabu ya ajabu, wanaanza kwa kukuuliza jina lako, ukishawaambia wanakupa lingine.

Kila Jumapili alisimama dirishani. Jua, baridi, yupo. Nyimbo zote alizijua kuliko walio ndani. Baba yangu alikuwa akiimba huku anatazama dirisha, mpaka padre akadhani haoni vizuri.

Basi alipoambiwa achore mtu amebeba kondoo, unadhani angemchora nani? Yeye mtu aliyebeba kondoo anamjua mmoja tu.

Alimwingiza baba yake ndani, basi. Mlangoni alikataa, akamwingiza kwa ukutani."

Akapepeta.

"Babu alikuja kuona?" nikauliza.

"Kwa dirisha. Alitazama sana. Akasema, sikio umeliweza."


10.

Maneno yaliyosikika bombani, foleni ya maji, bomba likitoa kikombe kwa saa nzima:

— Wanasema ni mpagani.
— Nani?
— Yule ambaye mwanao alibatizwa mbele yake.
— Wote tumebatizwa mbele yake.
— Ndiyo nasema.
— Hii mvua lakini.
— Ngoja wamfute uone.
— Usiseme hivyo, dada, Paroko ni mtoto mwema. Hajui tu.
— Simlaumu. Kwao Bukoba mvua inanyesha bila kuombwa.


11.

Barua ya Padre Projestus kwa mwalimu wake wa zamani wa seminari, Sista Skolastika, aliyestaafu. Ameniruhusu kuiweka hapa, na nampongeza, maana haimpendezeshi.

"Mama Sista, Tumsifu Yesu Kristo.

Nina picha kanisani inayonisumbua. Mzee wa mvua amekaa mahali pa Bwana. Watu wangu ni wema mno, hawabishani, na hilo ndilo linaloniogopesha. Nikisema ifutwe wanasema ndiyo, Baba. Nikiwatazama machoni naona hapana. Nawapenda na sitaki kuwaumiza, lakini sitaki pia Askofu anikute na mpagani kando ya kisima cha ubatizo. Niambie kwamba niko sahihi ili nilale."


12.

Jibu:

"Mwanangu Projestus, Milele Amina.

Siku niliyofundisha somo hili ulisinzia. Nakumbuka, ulikuwa safu ya tatu, ulikuwa umecheza mpira.

Yule kijana wa makaburi ya Roma, aliyebeba kondoo mabegani, hakuanza na sisi. Wagiriki walimchonga karne nyingi kabla Bwana hajazaliwa. Walikuwa na mungu wao mmoja waliyesema alibeba kondoo dume akazunguka naye mji mzima ili tauni iondoke. Warumi nao wakamweka bustanini na makaburini, kwa sababu alikuwa na sura ya upole na wafu wanahitaji upole. Wakristo wa kwanza walipotaka kupamba makaburi yao, unadhani walimwita mchoraji kutoka mbinguni? Walimwita yuleyule wa mjini, mwenye brashi zilezile. Akawachorea alichojua kuchora. Mizabibu ilikuwa ya mungu wa mvinyo. Tausi walikuwa wa mungu mke. Mpiga kinubi anayetuliza wanyama alikuwa wa hadithi zao, nao wakamwangalia wakasema, huyu ni Bwana wetu. Na chini ya kanisa kuu la Mtakatifu Petro, mwanangu, kuna dari ambapo Kristo amepanda gari la jua, na miale kichwani, kama jua lenyewe lilivyochorwa na wapagani.

Hawakuwa wajinga. Waliingia na walichokuwa nacho mikononi.

Sikuambii uache picha wala uifute. Mimi ni mzee na paroko ni wewe. Nauliza tu: wale watu wako wanamgusa wapi? Nenda ukaangalie. Mtu akitaka kujua ibada ya mahali asiulize midomo, aangalie ukuta umelika wapi.

Na ulale. Kulala unaweza."


13.

Hakwenda kuangalia. Alikuwa na saruji ya kupokea, na mahema, na ng'ombe wawili wa sherehe ambao mmoja alitoroka. Barua aliitia mfukoni. Nasema ukweli, mimi pia nisingekwenda. Jambo ulilolipitia kila Jumapili huendi kuliangalia.


14.

MAHITAJI YA FUNDI (mwandiko wake mwenyewe)

rangi nyeupe ndoo 2
brashi kubwa 1 ndogo 1
msasa
sabuni ya mche
matambara
maji. MAJI MUHIMU bomba halitoi

Ambakisye Mwakalinga, Fundi Rangi na Maandishi


15.

Kuhusu fundi: ametoka Mbeya, ni Mmoraviani, mtu mtaratibu, ameandika mbao za maduka yote ya Mlangwa. Alichaguliwa yeye kwa sababu mafundi wetu watatu Wakatoliki waliugua wiki hiyohiyo. Mmoja aliugua mgongo, mmoja aliugua jino, wa tatu hakusema anaumwa nini.


16.

Bibi Koleta tena. Safari hii alikuja yeye kwangu, na fimbo, kilomita mbili.

"Nilikuambia uandike, lakini kuna moja sikukuambia.

Kwetu uso wa mzee hauguswi. Mwanawe hagusi, mkewe hagusi mbele ya watu, mkwe ndiyo usiseme. Anayegusa ni mjukuu, kwa utani. Mjukuu na babu ni watani, wanaitana mume na mke, wanaibiana nyama. Mimi nilikuwa namvuta lile sikio. Kila siku. Anajifanya amelala, mimi namvuta, yeye anapiga kelele kwamba ameng'olewa kichwa.

Siku moja nilikuwa nimetoka kuchunga. Nikamkuta barazani amelala. Nikamvuta.

Nikamvuta tena.

Nilikuwa na miaka tisa, Wenseslaus.

Walimzika nje ya uzio wa misheni kwa sababu hakuwa na ubatizo. Padre mwenyewe alilia, lakini sheria ni sheria. Sasa pale nje wamelima viazi, sijui tena ni tuta lipi. Mahali pake palipobaki ni pale ukutani. Wakipafuta watakuwa wamemtoa nje mara ya pili.

Sijamgusa tangu siku ile. Watu wanagusa kondoo, mimi natazama tu. Mjukuu wake aliyebaki hai ni mimi peke yangu.

Hiyo usiandike."

Nimeandika. Nitamjibu huko mbinguni.


17.

Ijumaa tarehe 22, saa nne asubuhi.

Nilikuwa nahesabu viti. Padre alikuwa akibishana na mtu wa mahema. Fundi Ambakisye alianza na sabuni, kwa sababu, anasema yeye, rangi haishiki juu ya uchafu. Alianzia chini, kwenye kwato.

Akasugua.

Akasita.

"Katibu," akaniita. "Huyu kondoo mlisema ni mweusi?"

"Mweusi."

"Hebu njoo."


18.

Kwato ilikuwa

nyeupe.


19.

Chokaa safi ya misheni, nyeupe kama siku alipoichanganya Respisi. Fundi alisugua na mguu. Mguu mweupe. Tambara likawa jeusi, na lilinuka moshi na mafuta ya nyonyo.

Mafuta ya nyonyo tunajipaka sisi wote huku juu, kwa ajili ya baridi. Moshi ni wa majikoni kwetu. Mama Kresensia anatoka kupika anakuja kugusa. Mwenye shamba anatoka kuchoma nyasi anakuja kugusa. Miaka themanini na tatu.

Hakuna aliyempaka kondoo rangi nyeusi. Rangi ni sisi.

Nilikaa kwenye kiti nilichokuwa nahesabu.


20.

Padre alikuja. Akasimama. Akalitazama tambara, akaitazama kwato, kisha akatoa karatasi mfukoni akaisoma mstari mmoja akairudisha. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Alirudi nyuma hatua kumi akautazama ukuta wote, kama mtu anayesoma ramani.

"Wenseslaus," akasema, "njoo usimame hapa."

Nikasimama.

Weusi wa mikono ulianza kwenye kwato, ukapanda, ukamfunika kondoo mzima, mgongo, kichwa, ukashuka kifuani kwa mzee na mabegani. Kisha ukakoma. Kuzunguka uso palikuwa na ukingo, kama ukingo wa maji, upana wa kiganja. Ndani ya ukingo ule uso ulikuwa safi. Kovu, nyusi, sikio refu. Vumbi tu. Kondoo yuko mabegani, uso uko palepale kando yake, mkono unaofika kwa kondoo unafika na usoni. Maelfu ya mikono ilifika ikakwepa.

"Mlikuwa mnajua," Padre akasema. "Nyote."

Nilitazama viatu.

"Picha ya kawaida mtu anagusa uso kwanza," akasema. "Nyie mlimheshimu kama mtu aliye hai."

Alisema polepole. Niliona kwamba hakukasirika. Nilimpenda sana Padre wangu wakati ule, mtoto wa Bukoba, na vumbi la mahema kichwani.

"Niendelee, Baba?" fundi akauliza. "Nikimsugua wote atakuwa mweupe kama mnavyotaka. Mchungaji Mwema kabisa."




21.

Swali kwako wewe unayesoma, maana sisi lilitushinda: kondoo yupi ndiye wa kweli? Aliyechorwa, au aliyeguswa? Ukimsafisha umeipata picha ya Respisi na umetufuta sisi. Ukimwacha


22.

Bibi Koleta aliletwa na Mama Kresensia, aliyekuwa amechungulia dirishani na kukimbia. Dirisha lilelile.

Aliingia akapiga goti. Akaitazama kwato nyeupe.

"Kumbe," akasema. Kisha baada ya muda, "Baba yangu alitii. Aliambiwa mweupe akapaka mweupe. Mimi maisha yangu yote nilidhani alikuwa mkaidi."

"Bibi," Padre akasema, "nilisema mmeisoma picha kinyume. Kwamba nyie mnamwona anakwenda, na kumbe anarudi."

"Mtu akibeba kondoo, Baba, hujui kama anakwenda au anarudi mpaka umuulize."

"Na huyu?"

"Huyu amesimama nje muda mrefu. Amechoka." Akamgeukia fundi. "Mwanangu, hilo tambara safi nipe."

Fundi alichovya tambara ndooni, akalikamua kidogo, akampa. Bibi Koleta alisogea ukutani. Sisi wote tulijua anachotaka kufanya na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hakuna mwenye ruhusa isipokuwa yeye. Mkono wake ulipita juu ya weusi, ukafika ukingoni, ukavuka.

Alianza na sikio. Alilishika kama analivuta.

Kisha akamfuta vumbi. Paji, nyusi, kovu, mashavu. Maji yakatiririka mpaka kidevuni.

"Fundi," Padre akasema, sauti ikiwa chini sana, "bomba halitoi. Maji haya umeyatoa wapi?"

"Hapo." Ambakisye alionyesha kisima cha ubatizo. "Yalikuwepo. Nilikosea, Baba? Sisi kwetu Wamoraviani..."

Maji ya Jumapili. Ya mapacha. Padre mwenyewe ndiye aliyeyabariki.

Bibi Koleta aligeuka, tambara mkononi. "Nimefuta vumbi tu, Baba."

"Bibi, picha haibati..."


23.

Baba Askofu anakuja kesho kutwa. Ndoo iko palepale, maji yamo nusu, sabuni iko juu ya msasa. Brashi hazijafunguliwa. Sanamu ya mjini imefika, ipo sakristia, imefungwa kwenye makaratasi, na mimi natakiwa kuandika muhtasari mpya ambao katika Ajenda ya 3 una neno moja tu hadi sasa, "Picha", na nukta mbili mbele yake:


24.

Nimeacha kipande kimoja, kwa sababu sijui kiingie katika karatasi ipi.

Padre alikwama na lile neno lake. Alimtazama mzee, maji yakiwa bado usoni. Kisha alivaa stola yake ya kubatizia iliyokuwa imetundikwa kando ya kisima, taratibu, kama mtu ambaye bado hajaamua, na akasogea karibu na Bibi Koleta, na akauliza, kama anavyowauliza wazazi wote mahali pale:

"Anaitwa nani?"

"Kalonje," akasema Bibi Koleta.

Tukangoja. Bibi Koleta alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri lile jina lingine.

Padre hakumpa lingine.